Vali ya proposhonali: namna ya kuifunga, kuirekebisha na kutafuta hitilafu

Vali ya proposhonali ni vali ya haidroliki inayofunguka kwa kiasi kinacholingana na amri ya umeme. Amri hiyo inapofika, kitu kimoja tu hubadilika: spuli, kipande cha chuma kinachoteleza ndani ya vali, inasogea, na upenyo kati ya kingo zake na kingo za nyumba ya vali unakuwa mkubwa au mdogo. Lita ngapi zitapita hapo ni suala la presha. Silinda itasimama wapi ni suala la lita hizo zimepita kwa muda gani. Fundi akizitenga hatua hizi tatu, yaani upenyo, mtiririko na mahali, atajua pa kuanzia mashine inapotetemeka, inapopitiliza au inapokuwa nzito. Asipozitenga ataishia kubadilisha vali nzima, na vali hizi bei yake si ya kubahatisha.

Tunazungumzia hapa vali za viwandani za ukubwa wa NG6 na NG10, zile zinazokaa kwenye presi, kwenye mashine za bidhaa za plastiki, na kwenye mifumo inayofungua na kufunga milango ya maji ya turbini za umeme. Ekskaveta ni jamaa wa karibu: vali nyingi ndogo za umeme zilizomo hudhibiti presha ya paileti, yaani presha ndogo ya kuamuru, kuanzia bar 0 hadi 35 hivi, na presha hiyo ndiyo inayosukuma spuli kubwa. Yatakayosemwa kuhusu mkondo, ditha (mtetemo mdogo wa mkondo) na usafi wa oili yanazihusu vilevile.

Kinachotokea ndani ya vali

Koili ya vali ya kawaida, ile ya kufungua na kufunga tu, huvuta kiini chake hadi mwisho. Kadiri kiini kinavyokaribia mwisho ndivyo nguvu ya sumaku inavyopanda, kwa hiyo spuli hurushwa upande mmoja kwa kishindo. Huwezi kuisimamisha katikati hata ukipunguza volti. Solenoidi ya proposhonali imechongwa tofauti: ndani ya mrija wake kuna umbo la koni linalofanya nguvu ya sumaku ibaki karibu sawa katika milimita chache za mwendo, popote kiini kilipo. Nguvu hiyo hubadilika kwa mkondo tu. Upande wa pili kuna springi. Mkondo ukipanda, springi hubonyea zaidi, na spuli hukaa pale nguvu mbili zinapolingana.

Ndiyo maana kadi ya kielektroniki inayoendesha vali hudhibiti ampia badala ya volti. Ukinzani wa waya wa shaba huongezeka kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya joto. Koili ikitoka nyuzi 20 asubuhi ikafika 90 mchana, ukinzani wake umepanda kwa zaidi ya robo. Ukiilisha volti zilezile, mkondo utashuka kwa zaidi ya moja ya tano, na mashine itakuwa na kasi moja asubuhi na nyingine mchana. Kadi huukata umeme wa volti 24 mamia ya mara kwa sekunde, ikapima mkondo unaopita, kisha ikarefusha au kufupisha muda wa kuwasha mpaka ampia zilizoagizwa zipatikane. Hiyo ndiyo PWM. Kwa sababu hiyo, ukiweka mita ya volti kwenye koili inayofanya kazi utasoma wastani tu ambao haukuambii kitu cha maana. Pima mkondo.

Spuli iliyotulia kabisa hung'ang'ania. Kuiondoa kunahitaji nguvu kubwa kuliko kuiendeleza ikiwa tayari inasogea. Kadi huongeza ditha, mtetemo mdogo wa mkondo wa kati ya mara 80 na 200 kwa sekunde, ili spuli isilale. Ditha ikiwa ndogo mno, mwitiko unakuwa wa kushtukashtuka. Ikiwa kubwa mno, utaisikia kwenye mabomba na utaiona kwenye ncha ya silinda.

Hata kukiwa na ditha, msuguano na sumaku inayobaki kwenye chuma huacha tofauti. Amri ya asilimia 50 ukitokea chini haikupi mahali palepale pa spuli kama ukitokea juu. Tofauti hii, histerisisi, kwenye vali isiyo na sensa huwa kama asilimia 5 au 6 hivi. Vali yenye sensa ya LVDT, inayopima mahali spuli ilipo, kwenye ncha ya spuli huishusha chini ya asilimia 1, kwa kuwa kadi inaiona spuli yenyewe na kuisukuma hadi ifike. Sensa hiyo ina faida nyingine kubwa. Oili inayopita kwa kasi kwenye ukingo huzalisha nguvu inayotaka kuufunga upenyo, na presha ikiwa kubwa nguvu hiyo huishinda solenoidi. Vali isiyo na sensa itajifunga taratibu bila kutoa taarifa. Yenye sensa itaonyesha kwamba amri na hali halisi havilingani.

Vali ya sevo hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Badala ya solenoidi nene kuna mota ndogo ya sumaku inayotumia miliampia chache tu, inainamisha kibati chembamba kati ya vijitundu viwili vya oili, tofauti ya presha inayotokea inasukuma spuli, na waya mwembamba wa chuma unarudisha taarifa ya mahali spuli ilipo. William Moog alianzisha kampuni yake ya vali hizi huko East Aurora, New York, mwaka 1951, wakati wahandisi wa ndege na makombora walipohitaji kitu chenye kasi ambayo solenoidi haikuweza kuitoa. Kwenye kiwanda cha kawaida, vali ya proposhonali yenye LVDT inatosha kwa kazi nyingi, na inasamehe uchafu kidogo zaidi.

Hesabu ya mtiririko, ambayo wengi huiruka

Kwenye kibati cha vali pameandikwa, tuseme, lita 32 kwa dakika. Namba hiyo haina maana bila tofauti ya presha iliyotumika kuipata. Kwa vali za proposhonali kawaida ni bar 10 kwa vali nzima, yaani bar 5 kwa kila ukingo. Kwa vali za sevo ni bar 70. Mwenye kulinganisha vali mbili za aina hizi kwa lita pekee atanunua isiyofaa.

Mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha tofauti ya presha. Chukua tofauti halisi, gawa kwa ile ya kwenye jedwali, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa lita za kwenye kibati. Tuseme vali hiyo ya lita 32 inaendesha mota ya haidroliki. Pampu inatoa bar 140, mzigo unahitaji bar 90, njia ya kurudi tangini ina bar 2. Kinachobaki kwenye vali ni bar 48. Gawa kwa 10 upate 4.8, kipeuo chake ni 2.19, kwa hiyo lita 70 kwa dakika zitapita vali ikiwa wazi kabisa. Sasa mzigo ushuke hadi bar 60. Vali inabaki na bar 78, na mtiririko unapanda hadi lita 89. Amri haikuguswa, spuli haikusogea hata mikroni moja, lakini mota imeongeza kasi kwa zaidi ya robo. Ni kama bomba la nyumbani lililofunguliwa nusu: presha ya mtaa ikipanda, ndoo inajaa haraka zaidi bila mtu kugusa koki.

Lalamiko la kwamba vali haishiki spidi mara nyingi ni hili tu. Dawa yake ni kompensata ya presha, kipande kinachofungwa kati ya vali na bamba lake. Hujirekebisha chenyewe ili tofauti ya presha kwenye upenyo ibaki ileile, kwa kawaida kati ya bar 4 na 10, mzigo upande au ushuke. Ukishaifunga, amri ya asilimia 50 inakuwa mtiririko uleule kila siku. Ina mipaka miwili. Haiwezi kushika mzigo unaovuta wenyewe, kama mkono unaoshuka kwa uzito wake, kwa sababu inadhibiti oili inayoingia huku silinda ikikimbia mbele yake. Hapo weka vali ya kusawazisha mzigo kwenye njia ya kutokea. Pili, usiiweke kwenye mzunguko wa kudhibiti mahali unaohitaji mwitiko wa haraka. Kompensata nayo ina spuli na springi yake, na viwili hivyo huweza kuanza kushindana na vali.

Kwa silinda, angalia pia eneo. Pistoni ya milimita 50 ina sentimita za mraba 19.6. Ikiwa rodi ni milimita 36, upande wa rodi unabaki na 9.5 tu. Lita 30 kwa dakika zikiingia upande wa pistoni, silinda inatoka kwa sentimita 25 kwa sekunde. Zikiingia upande wa rodi inarudi kwa 53, na upande wa pistoni unasukuma nje lita 62 kwa dakika. Vali yenye kingo sawa pande zote itabanwa na kurudi huko. Agiza spuli ya 2 kwa 1, ambayo ukingo mmoja hufungua nusu ya mwingine.

Kabla ya kufungua boksi la vali

Uchafu ndio unaoua vali hizi kuliko kitu kingine chochote. Nafasi kati ya spuli na nyumba yake ni mikroni chache tu, na punje zinazodhuru zaidi ni zile zenye ukubwa wa nafasi hiyo, ambazo jicho haliwezi kuziona. Oili inaweza kung'aa kwenye glasi na bado ikawa chafu.

Usafi hupimwa kwa msimbo wa ISO 4406 wenye namba tatu, zinazoeleza idadi ya punje kubwa kuliko mikroni 4, 6 na 14 katika kila mililita. Namba ikipanda kwa moja, punje zimeongezeka mara mbili. Kwa vali ya proposhonali lenga 20/18/15 au pungufu. Kwa sevo na zile za mwitiko wa haraka, 18/16/13. Namba 13 maana yake ni punje 40 hadi 80 tu. Oili mpya kutoka kwenye pipa kwa kawaida haifikii viwango hivi, kwa hiyo ijaze tangi kwa pampu yenye filta, wala usimimine moja kwa moja kwa ndoo.

Mabomba yakiwa yamechomewa au hozi zimebadilishwa, funga bamba la kusafishia mahali pa vali, linalounganisha P (tundu la kutoka pampu) na T (la kurudi tangini), na A na B (ya kwenda kwenye silinda), kisha zungusha oili ya moto kwa mwendo wa kasi. Endelea mpaka kipimo cha sampuli kifike pale unapotaka, hata kama kitachukua siku nzima. Saa peke yake haisemi kitu.

Kuhusu unene wa oili, VG 46 inafaa mfumo unaofanya kazi kwa nyuzi 40 hadi 55. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam, mashine isiyo na kipoza oili hupita hapo kwa urahisi, na wengi huhamia VG 68. Inafaa, ila kwanza jiulize joto linatoka wapi. Mara nyingi ni vali ya usalama inayopitisha muda wote.

Kuifunga

Zima pampu, funga swichi kuu kwa kufuli, shusha mzigo chini hadi ukae juu ya kitu, kisha toa presha ya akumuleta, chombo kinachohifadhi oili yenye presha, na uthibitishe kwa geji. Akumuleta hubaki na presha mota ikiwa imezimwa. Usipapase uvujaji kwa kidole: oili ya presha kubwa hupenya ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo, hata kama linaonekana kama tundu la sindano.

Uso wa bamba uwe bapa na usiwe na mkwaruzo unaovuka nafasi za o-ringi. Ondoa kifuniko cha plastiki cha vali dakika ya mwisho, hakikisha o-ringi zote zimekaa, weka vali bila kuiburuta. NG6 ina bolti nne za M5, NG10 zina M6. Tumia bolti za daraja la 10.9 na spana inayopima nguvu ya kukaza: M5 kama Nm 7 hadi 9, M6 kama 13 hadi 15, ukiheshimu kwanza karatasi ya vali yenyewe. Kaza kwa mshazari, nusu ya nguvu kwanza. Bolti zikikazwa kupita kiasi, nyumba ya vali hupinda kidogo sana, na kidogo hicho kinatosha kuibana spuli. Vali mpya inayong'ang'ania siku ya kwanza, legeza bolti uikaze upya kabla ya kuilaumu.

Vali ya hatua mbili ina matundu ya ziada, X ya kuleta presha ya paileti na Y ya kuitoa. Soma msimbo wa vali ujue kama ni ya ndani au ya nje, na kagua vizibo. Y iliyounganishwa kwenye njia ya T yenye mapigo ya presha huifanya spuli kubwa kutangatanga, na hakuna marekebisho ya kadi yatakayoitibu. Ipelekee bomba lake hadi tangini.

Hewa ndani ya mrija wa solenoidi huleta mwendo wa kurukaruka. Kuna skrubu ndogo ya kutolea hewa. Ifungue kwa presha ndogo mpaka oili itoke bila povu. Njia ya kurudi ikiwa inamwagika na kukauka mashine ikizimwa, weka vali ya kuzuia yenye springi ya bar 2 hivi kwenye njia hiyo ili mrija ubaki umejaa.

Nyaya

Vali yenye kadi juu yake hutumia konekta ya pini sita na ardhi. Mpangilio wa kawaida ni A kwa volti 24, B kwa sifuri yake, D na E kwa amri, F kwa taarifa ya mahali spuli ilipo. Pini C ndiyo ya kuangalia kwa makini: kwenye modeli nyingine ni ruhusa ya kuwasha, kwenye nyingine ni sifuri ya taarifa ya F. Ukiibahatisha, vali ama haitawaka ama itasoma uongo.

Amri huja kwa volti kati ya -10 na +10 au kwa mA 4 hadi 20. Kwenye hii ya pili kuna hatari ambayo wageni huigundua vibaya. Kwa vali ya pande mbili, katikati ni mA 12. Programu iliyoandikwa kwa dhana kwamba mA 4 ni kusimama itafungua vali kabisa kuelekea upande wa nyuma mara tu pampu inapowashwa. Thibitisha hili kwa mita kabla presha haijaingia. Mkondo ukishuka karibu na sifuri, kadi nyingi hujua kwamba waya umekatika na kuzima vali.

Tumia kebo yenye nyaya zilizosokotwa na kinga ya chuma, uifunge kinga hiyo ardhini upande wa kabati tu, na uitenge na kebo za inveta za mota. Waya wa volti 24 uwe mnene wa kutosha: vali ikivuta ampia 2 mwishoni mwa mita 40 za waya mwembamba, kadi hupokea volti chache na kujizima nyakati ambazo hakuna anayezielewa.

Marekebisho ya kadi

Shusha presha ya mfumo hadi bar 40 au 50. Ondoa ruhusa, washa volti 24, hakikisha taarifa ya spuli iko karibu na sifuri. Toa ruhusa huku amri ikiwa sifuri. Silinda isisogee, ikitambaa, rekebisha sifuri mpaka itulie.

Kisha shughulikia ukanda mfu. Spuli nyingi za proposhonali zina mabega mapana kuliko tundu, hivyo asilimia 10 hadi 20 ya kwanza ya mwendo haitoi oili. Weka amri ya asilimia 2 au 3 na upandishe mkondo wa chini wa koili A taratibu mpaka silinda ianze kutambaa, halafu rudisha nyuma kidogo. Fanya hivyohivyo kwa koili B, kwa kuwa pande mbili hazifanani kamwe. Ukiuzidisha mkondo huu, vali itaruka kutoka kusimama hadi kukimbia bila kitu cha katikati.

Mkondo wa juu uweke kwa kasi unayoihitaji, si kwa uwezo wote wa vali. Vali inayofanya kazi yake yote kati ya 0 na asilimia 30 ni kubwa mno kwa mashine hiyo: unalipia ukubwa na kupoteza ulaini. Rampu, yaani muda wa amri kupanda na kushuka polepole, iweke mwisho, ndefu kiasi cha kuzuia kishindo tu.

Kudhibiti mahali

Silinda hukusanya oili. Maadamu vali iko wazi inaendelea kwenda, kwa hiyo ili isimame mahali fulani lazima kuwe na sensa ya mwendo na kidhibiti kinachopunguza upenyo kadiri umbali uliobaki unavyopungua. Sensa ya sumaku iliyo ndani ya rodi hudumu kwa sababu hakuna kinachosuguana. Ya potenshiomita ni nafuu, lakini huchakaa pale mashine inaposimama mara nyingi, na kasoro huonekana kwenye milimita zilezile kila siku.

Kabla ya kufunga mzunguko, hakiki mwelekeo. Kwa mkono, toa amri ndogo chanya na uangalie kama namba ya sensa inaongezeka. Ikipungua, badilisha alama sasa. Mzunguko uliofungwa kwa alama iliyogeuka hukimbiza silinda hadi mwisho kwa nguvu zake zote.

Anza na geini ndogo, yaani ukali ambao kidhibiti hujibu nao kosa la mahali. Agiza hatua ya asilimia 5 ya mwendo wa silinda, pandisha geini mpaka ianze kutikisika inapofika, kisha ipunguze kwa nusu. Namba chache zitaonyesha kwa nini vali nzuri ina thamani. Chukua silinda inayokwenda milimita 500 kwa sekunde vali ikiwa wazi kabisa, na geini ya 20 kwa sekunde. Kasoro ya asilimia 1 kwenye spuli ni milimita 5 kwa sekunde. Gawa kwa 20, kosa la mahali ni milimita 0.25. Histerisisi ya asilimia 5 inakupa milimita 1.25. Ukanda mfu wa asilimia 15 ambao haujafidiwa unaiacha silinda milimita 3.75 kabla ya shabaha, imesimama kimya, kidhibiti kikidhani kinafanya kazi.

Wengi hapo huongeza intigrali, sehemu ya kidhibiti inayojumlisha kosa kadiri muda unavyopita. Intigrali hujikusanya huku spuli ikivuka ukanda mfu, silinda inaruka, inapitiliza, inajikusanya upande wa pili, inarudi. Utaiona ikienda na kurudi milimita moja kila sekunde chache, siku nzima. Fidia ukanda mfu kwanza, au nunua spuli isiyo na mabega, ndipo uongeze intigrali ndogo inayofanya kazi karibu na shabaha tu.

Kikomo cha geini hakiko kwenye kadi. Oili hubonyea, na pamoja na uzito wa mzigo huunda springi yenye mtikisiko wake. Mzigo ukiongezeka mara nne, mtikisiko huo hupungua kasi kwa nusu na geini inayovumilika hushuka nayo. Hozi ndefu za mpira huongeza ulaini huo. Kuihamisha vali kwenye silinda yenyewe na kutumia mabomba ya chuma mafupi kunasaidia kuliko saa nzima mbele ya kompyuta.

Spuli huvuja hata ikiwa katikati, kwa hiyo usiitegemee kushika mzigo uliosimama wima. Weka vali za kuzuia zenye paileti, na chagua spuli ambayo ikiwa katikati inafungua A na B kidogo kuelekea T. Bila hivyo presha inayobaki kwenye njia huziacha vali hizo zikiwa wazi nusu.

Ikikataa

Fuata mpangilio uleule: mkondo, spuli, presha, ndipo sensa na geini. Badilishana konekta za koili A na B. Tatizo likihama upande, liko kwenye kadi au waya. Likibaki, liko kwenye koili au spuli. Pima ukinzani wa koili ikiwa baridi na uulinganishe na kibati chake. Mkondo ukiwa sahihi lakini taarifa ya spuli haifuati, spuli imekwama. Ikifuata vizuri lakini silinda ni nzito, acha vali, tafuta presha: pampu iliyochoka, sili ya pistoni inayopitisha, filta iliyoziba.

Vali inayokataa amri ya kwanza baada ya mapumziko ya chakula, kisha ikafanya kazi vizuri, ina vumbi laini lililojaa kwenye nafasi ya spuli wakati presha ilikuwepo bila mwendo. Safisha oili na hakikisha ditha ipo. Ukiitoa spuli ukaikuta na utando wa kahawia, oili imepikwa na joto. Ioshe kwa kiosheo safi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Msasa usiguse spuli kabisa: ukali wa kingo zake ndio unaopima oili, na ukingo uliofanywa mviringo kwa sehemu chache za mia za milimita umeharibu sifuri ya vali moja kwa moja. Vali iliyochakaa kwenye kingo huonekana kwa pampu inayopata moto mashine ikiwa imesimama, na kwa sifuri inayohitaji kurekebishwa kila wiki.

Mashine ikiwa nzima, andika kwenye karatasi iliyo ndani ya kabati: mkondo ambao silinda inaanza kutambaa kwa kila upande, taarifa ya spuli kwenye amri ya sifuri, presha ya P na T, joto la oili wakati wa vipimo, geini na rampu. Mkondo wa kuanzia ukionekana umepanda kwa asilimia 10 miezi sita baadaye, kwa joto lilelile la oili, agiza kipimo cha uchafu kabla ya kuagiza vali.